Uwanja wa Ngome, Lamu

Katika nchi jirani ya Kenya, mjini Lamu, kuna uwanja mdogo mbele ya lango la ngome. Wenyeji huuita Mkunguni, kwa ajili ya mikungu inayoutia kivuli. Soko la mji liko ubavuni mwa ngome hiyo. Ndugu wasikilizaji mlio makambini na katika vituo vya polisi, historia ya uwanja huo yawahusu, kwani ni habari ya raia walioomba askari.

Katika miaka ya mwanzo ya 1810, majeshi ya Pate na ya akina Mazrui wa Mombasa yaliteremka Shela, mwendo mfupi kutoka mjini. Watu wa Lamu waliyashinda vibaya. Masimulizi yasema kwamba bahari ilikuwa imekupwa, vyombo vya wavamizi vikakwama mchangani, nao wakakosa njia ya kurudi. Lakini ushindi huo uliwatia hofu washindi wenyewe, kwa kuwa Mombasa haikutazamiwa kuunyamazia. Wazee wa Lamu wakapeleka ujumbe kwa Seyyid Said, mtawala wa Oman, kuomba ulinzi.

Ulinzi ulikuja, na pamoja nao akaja liwali na kikosi cha askari, wakiwamo Wabulushi. Ngome ilikamilika yapata mwaka 1821. Wakati huo bahari ilifika karibu na lango lake. Ardhi iliyo mbele yake leo ilijazwa baadaye. Basi pembe za ndovu na boriti za mikoko zilishushwa na kupakiwa mbele ya macho ya walinzi. Haki isemwe: adui hakurudi kuuteka mji. Hata hivyo, mji uliokuwa ukiongozwa na baraza la wazee wake ukawa sehemu ya milki ambayo makao yake yalihamia Unguja. Hatuwalaumu wazee wale. Walitaka mlinzi, wakapata mtawala, na hapakuwa na mapatano yaliyotaja siku ya mlinzi kuondoka.

Katika mwambao huo watu pia waliuzwa. Mwaka 1873 Seyyid Barghash, akishurutishwa na Waingereza, alikubali kufunga masoko ya watumwa. Lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907.

Miaka mitatu baadaye wakoloni waliigeuza ngome kuwa gereza. Neno gereza lenyewe, katika Kiswahili cha zamani, lilikuwa na maana ya ngome. Waingereza waliziunganisha maana hizo mbili kwa vitendo, Lamu kama walivyofanya katika Ngome ya Yesu huko Mombasa tangu mwaka 1895. Kenya ilipata uhuru mwaka 1963, lakini wafungwa walibaki katika ngome ya Lamu hadi mwaka 1984. Kwa miaka 74, mama aliyekwenda sokoni kununua samaki alipita kando ya ukuta uliowaficha wafungwa, pengine mwanawe mmojawapo.

Baada ya hapo jengo lilikabidhiwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na mwaka 2001 mji mkongwe wote uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Siku hizi wazee huzungumza chini ya mikungu, punda hupita na mizigo, na lango lililolindwa na Wabulushi huingiwa na wanafunzi waendao kusoma vitabu.