Wakili Aliyepoteza Cheo kwa Kwenda Vitani

Twawaletea habari za Benjamin Harrison, wakili wa Indianapolis, Marekani, mji huo ulipokuwa bado mdogo. Mwaka 1860 alichaguliwa kuwa mwandishi wa hukumu za mahakama kubwa ya Jimbo la Indiana, huku akiendelea na uwakili wake. Mwaka 1862, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, Gavana Oliver Morton alimtaka akusanye askari; naye akaondoka na kikosi cha 70. Mahakama ile ile aliyoitumikia ikaamua kwamba ashikaye cheo cha jeshi ameacha cheo cha raia. Sheria ni sheria, lakini kwa mwenye mke na watoto wawili twaona ilikuwa chungu. Alibaki jeshini. Mwaka 1864, angali vitani, wapigaji kura walimrudishia cheo kile kile.