Mouton Rothschild: Karne Moja ya Divai Kufungwa Shambani

Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, mashamba makubwa ya mizabibu ya Bordeaux, kusini-magharibi mwa Ufaransa, yaliuza zaidi mapipa kuliko chupa. Wafanyabiashara wa mjini walinunua divai ikingali changa, wakaitunza na kuijaza kwenye chupa wenyewe. Mnywaji aliamini lebo tu. Mwaka 1924 kijana wa miaka 22, Baron Philippe de Rothschild, aliamua kwamba divai yote ya Château Mouton Rothschild, huko Pauillac, itafungwa kwenye chupa palepale ilipotengenezwa.

Shamba hilo lilinunuliwa mnadani mwaka 1853 na Nathaniel de Rothschild, baba wa babu yake. Miaka miwili baadaye divai za Bordeaux zilipangwa kwa madaraja kwa ajili ya maonyesho ya Paris, na Mouton ikawekwa daraja la pili. Familia iliona imeonewa. Hata hivyo, waliofuata hawakulishughulikia sana shamba, mpaka Philippe alipolichukua mwaka 1922.

Uamuzi wake ulikuwa na gharama. Divai ambayo zamani ingeondoka mapema sasa ilihitaji mahali pa kukaa, ndipo mwaka 1926 likajengwa ghala la urefu wa mita 100. Tena, aliyeweka jina lake kwenye chupa hakuweza tena kumlaumu mwingine. Mavuno ya 1930 yalipokuwa dhaifu, Philippe hakuyapa jina kubwa. Aliyauza kwa jina la Mouton Cadet.

Vita Vikuu vya Pili vikaja. Serikali ya Vichy, iliyoshirikiana na Wajerumani, ilimkamata, shamba likatwaliwa. Akatoroka, akajiunga na Jenerali de Gaulle aliyeendelea kuwapinga Wajerumani. Mkewe Élisabeth alifariki katika kambi ya Wanazi ya Ravensbrück mwaka 1945. Lebo ya mavuno ya mwaka huo ina herufi V ya ushindi, na tangu hapo karibu kila mwaka msanii huchora lebo mpya, akilipwa kwa divai; miongoni mwao ni Miró, Chagall na Warhol. Picha hizo ndizo zinazosifiwa zaidi, lakini kwangu mimi zinakuja nyuma ya yaliyomo chupani.

Na yaliyomo huanzia ardhini. Udongo wa Pauillac ni changarawe nene, maji hayatuami, na mawe hutunza joto la mchana. Hapo Cabernet Sauvignon, zabibu ndogo ya ganda gumu inayochelewa kuiva, hukomaa sawasawa. Ndiyo sehemu kubwa ya divai hii, ikifuatwa na zabibu aina ya Merlot. Zabibu huchumwa kwa mkono, huchambuliwa, kisha huchachuka pamoja na maganda yake, nyingi zikiwa ndani ya matangi ya mbao, ili maganda yatoe rangi na ukakasi. Baada ya hapo divai hukaa kwenye mapipa mapya ya mwaloni kwa karibu miezi 20. Ikiwa changa hukaza ulimi. Ikiachwa miaka mingi hulainika, na harufu ya kahawa iliyokaangwa na mbao za mierezi hujitokeza.

Mwaka 1973 Jacques Chirac, wakati huo waziri wa kilimo, alitia saini kuipandisha Mouton daraja la kwanza. Hakuna shamba jingine lililowahi kupandishwa katika orodha ile ya 1855. Philippe alifariki mwaka 1988, bintiye Philippine akaliongoza shamba hadi kifo chake mwaka 2014, na leo liko mikononi mwa watoto wake watatu.