Sarafu za kwenye kopo la maziwa

Leo tunaandika juu ya kosa letu wenyewe, kwa sababu tumesikia kuna wenzetu wanajiandaa kulifanya.

Ilikuwa siku chache kabla ya tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi. Kundi letu lilipewa meza ya historia. Tukakusanya vikapu, mwiko wa zamani, picha mbili tatu, na mzee mmoja wa zoni yetu akatuazima kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na sarafu kumi na moja. Nyingine zilikuwa nyeusi, nyingine kahawia, mbili zina kijani pembeni kama ukungu wa mkate. Kwa kweli tuliona aibu. Wageni waje, tuwaonyeshe vyuma vichafu? Basi tukachukua ndimu, jivu na waya wa kusugulia sufuria. Baada ya saa moja karibu zote zilikuwa zinang'aa kama vijiko vya harusi.

Mzee alipokuja aliokota moja, akaigeuzageuza kwenye mwanga, akanyamaza. Halafu akasema: "Bajukuu bangu, mulisha osha mupaka babu yangu."

Hatukumwelewa. Tulidhani anatania.

Sarafu aliyoishika ni ya heller 20, ya mwaka 1916. Upande mmoja ina taji na herufi D.O.A., kifupi cha jina la Kijerumani la koloni lao la Afrika Mashariki, na ina herufi T. Hiyo T ni Tabora. Kabla ya vita, pesa ya koloni hilo, rupia na heller, ilitengenezwa Ujerumani ikaletwa kwa meli. Vita vya 1914 vilipoanza, manowari za Waingereza zikafunga bahari, na sarafu zikaanza kuadimika. Wajerumani wakageuza karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha pesa. Hapo ndipo zilipogongwa hizi heller 20, nyingine za shaba nyekundu, nyingine za shaba ya njano. Walitengeneza hata sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Hizo za shaba zilifanywa haraka haraka. Ukiziweka mbili pamoja unaweza kukuta taji hazifanani.

Sasa imefikaje Fizi? Hapa ndipo sisi Wakongomani tunaingia. Jeshi lililoiteka Tabora tarehe 19 Septemba 1916 lilikuwa Force Publique ya Kongo ya Wabelgiji. Maofisa walikuwa Wazungu, lakini walioshika bunduki walikuwa watu wa kwetu, na nyuma yao maelfu ya wapagazi wenye mizigo kichwani. Kigoma yenyewe walikuwa wameshaichukua mwezi wa saba. Wabelgiji walikaa huku Kigoma na Ujiji mpaka 1921, ndipo Waingereza wakapokea. Babu yake mzee wetu alikuwa mmoja wa wapagazi hao. Alivuka ziwa Tanganyika akiwa na mzigo wa mtu mwingine, akarudi nyumbani na sarafu moja. Sisi tunaosimulia kuvuka ziwa kama jambo lililoanza 1996 hatukujua kwamba kuna babu zetu waliovuka miaka themanini kabla, kwenda na kurudi.

Turudi kwenye kosa. Ule weusi na ukahawia tuliouita uchafu sio uchafu. Ni ngozi. Shaba ikikaa hewani inajifunika utando wa kahawia, na utando huo ukishatulia unaukinga mwili wa sarafu. Fedha nayo inashikwa na gesi ya salfa iliyomo hewani, ile ya moshi na ya yai lililooza. Utando ukiwa mwembamba sana unaonekana wa njano, ukiongezeka unakuwa wa zambarau na bluu, mwisho mweusi. Kwa hiyo rangi inakueleza kidogo sarafu ililala wapi na jinsi gani. Wakusanyaji wanaojua kazi yao huilipia rangi nzuri ya asili, na iliyosuguliwa huipunguzia thamani mara moja. Hata ile misalaba ya shaba ya Katanga iliyochimbwa kwenye makaburi ya zamani ina rangi ya kijani, na hakuna mtaalamu anayeisugua kwa jivu.

Ndimu ilitenda vibaya zaidi kwenye ile heller, maana ni ya shaba ya njano. Shaba hiyo ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na asidi ya ndimu hula zinki kwanza. Ndiyo maana ilitoka na madoa ya waridi. Waya nao ukaacha mikwaruzo juu ya taji. Rangi ile aliyokuwa akiitazama tangu utotoni, mkononi mwa babu yake, tuliiondoa kwa dakika tano.

Moja iliponea chupuchupu kwa sababu ndimu ziliisha. Ni shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba, ya mwaka 1925. Watu huiita ya fedha, kumbe fedha ni robo tu, iliyobaki kubwa ni shaba. Katikati ya simba kuna mstari mweusi ulionyooka kama umechorwa kwa rula. Tulijiuliza sana, mpaka tukagundua ni mpira! Mzee alizifunga kwa mpira wa manati walipokimbia, na mpira una salfa. Miaka yote ile ulikuwa unaandika pale ulipobana. Mpira wenyewe ulishakatika na kupotea.

Kuhusu kuhifadhi, haya ndiyo tuliyojifunza, na mengi yanawezekana hata kwenye nyumba ya tope. Usifunge kwa mpira. Usitumie plastiki laini yenye harufu kali, kwa sababu ile ikizeeka inatoa asidi, na sarafu inapata utelezi wa kijani. Boksi gumu la plastiki la chakula, lililooshwa na kukauka kabisa, linafaa. Kila sarafu ivalishwe karatasi nyeupe safi, isiwe gazeti wala kadibodi ya boksi. Vile vifuko vidogo vya chembe za kukausha, vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, msivitupe. Boksi likae mbali na jiko, maana moshi wa kuni unafika kila mahali. Na shika sarafu ukingoni, usiguse uso wake. Jasho la kidole leo halionekani, litaonekana baada ya miaka, na alama yako imo. Sarafu za aluminiamu hazipati rangi hizi, ila zikilowa zinatoa unga mweupe, basi nazo ziwe pakavu.

Tulikwenda kwa mzee kuomba msamaha. Hakutukaripia. Alitwambia tukae, akaanza kusimulia sarafu moja moja, nasi tukaandika kwenye vipande vya karatasi: nani aliileta, kutoka wapi, mwaka gani kama anakumbuka. Kwa ile ya pembe sita yenye tembo, ya mwaka 1943, alicheka sana. Ati mama yake aliificha ndani ya unga wa muhogo, ikapikwa na ugali.

Sasa ni mwaka wa pili. Ile heller imeanza kupata ukahawia tena, lakini kwenye mikwaruzo inashika vibaya, madoa madoa. Mzee huifungua karatasi kila akitutembelea, anaangalia, anaifunga.

Kama nyumbani kwenu kuna kopo la namna hii, piga picha kwanza jinsi zilivyo, kabla mtu hajazigusa. Kisha muulize mwenyewe angali hai.