Matairi makubwa bila kuinua gari: pima kwanza, nunua baadaye

Mvua zikianza na barabara za vijijini zikageuka tope, wenye magari ya fo-wili huanza kufikiria matairi makubwa zaidi. Kuinua gari kwa springi ndefu na shokapu mpya ni gharama, ndiyo maana wengi hutaka kubadili matairi peke yake. Inawezekana, lakini kwa kiasi. Hapa tunaeleza kiasi hicho ni kipi.

Soma namba za tairi

Tuchukue Toyota Prado au Hilux inayotumia tairi la 265/65R17. Namba 265 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 65 ina maana kwamba kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo. Namba 17 ni ukubwa wa rimu kwa inchi. Ukipiga hesabu, tairi hilo lina kimo cha milimita 776 kutoka chini hadi juu. La 265/70R17 lina milimita 803, na la 285/70R17 lina 831.

Gari hupanda kwa nusu tu ya tofauti hiyo. Ukifunga la 803, unapata milimita 13. Ukifunga la 831, unapata 27, yaani hata sentimita 3 hazifiki. Ni kidogo, lakini kina faida: springi ndefu huinua bodi tu, huku difu la nyuma likibaki palepale. Tairi ndilo linaloinua difu.

Tairi linagusa wapi?

Gari likiwa limesimama tupu, tairi kubwa linaweza kuonekana limekaa vizuri. Shida hutokea ukikata kona huku gari limebeba mzigo na tairi moja limepanda juu ya jiwe. Hapo linaweza kusugua plastiki ya ndani ya madigadi, bampa, chesisi, au mpira wa breki. Mpira wa breki ukichanika, mafuta yanamwagika na breki inapotea.

Kwa hiyo, muombe muuzaji akufungie tairi moja la mbele kwa majaribio. Pakia mzigo wa kawaida, pandisha gurudumu hilo polepole kwenye tuta, kisha mtu mwingine azungushe usukani hadi mwisho, kushoto na kulia. Gari likiwa limezimwa na breki ya mkono imevutwa, chungulia kila upande. Kumbuka pia tope: udongo mweusi wa mbuga hujaa kwenye nafasi ndogo na kulikaba tairi.

Kwa magari tuliyotaja, kupanda hatua moja hadi 265/70R17 kwa kawaida hakuhitaji kuinua gari. La 285/70R17 mara nyingi husugua. Plastiki fundi anaweza kuipunguza. Chesisi isikatwe kamwe.

Mambo mengine ya kuangalia

Spidomita itakudanganya. Ikisoma 80, ukiwa na tairi la 803 unakwenda karibu 83, na ukiwa na la 831 unakwenda karibu 86. Injini itachoka zaidi mlimani na breki zitafanya kazi zaidi, hasa gari likiwa na abiria.

Angalia pia namba ya uzito ubavuni mwa tairi. Kwa mfano, 112 ina maana tairi moja hubeba kilo 1,120. Usishuke chini ya namba ya tairi la awali.

Badilisha yote manne, na spea iwe ya ukubwa uleule. Prado huendesha magurudumu yote manne wakati wote, na tairi moja la kimo tofauti huumiza difu la katikati. Hakikisha pia spea hiyo inaenea mahali pake.

Tairi likigusa mahali popote kwenye jaribio, rudi kwenye saizi ndogo. Tope utalipita kwa mwendo wa taratibu, lakini bila breki hutasimama.