Mji wa Kale Mombasa: Uchukue Mwongozaji au Utembee Peke Yako?

Mgeni anaposhuka tuktuk mbele ya Fort Jesus, kabla hajamaliza kumlipa dereva huwa amekwisha kuzungukwa na watu wawili watatu. "Karibu, nikutembeze." "Mimi ni mwenyeji hapa, nitakuonyesha kila kitu." Papo hapo anatakiwa aamue: amkubali mmoja wao, au ashukuru kwa upole na ajiendee zake?

Swali hili huulizwa na Mzungu aliyetoka mbali, na huulizwa pia na Mkenya wa Nakuru au Kakamega aliyekuja Mombasa likizo ya Disemba. Hata sisi watu wa Pwani, wengi wetu tumekulia Majengo, Likoni au Kisauni na hatujui kichochoro kimoja cha Mji wa Kale kinapotokea. Kwa hivyo makala haya ni ya mgeni na mwenyeji pia.

Msimamo wangu nautaja mapema: kila njia ina kazi yake. Ngome inataka msimulizi. Mitaa inataka miguu na subira. Anayechanganya mambo haya mawili hulipa pesa asizostahili kulipa, au huondoka na picha nyingi na maarifa machache.

Ngomeni: hapa msimulizi ana faida

Fort Jesus ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, kwa ramani ya msanifu Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Mwaka 2011 UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hayo utayapata kwenye kibao chochote. Ugumu ni kwamba ngome hii imebadilisha wenyewe mara nyingi, na kila aliyeingia alijenga, akabomoa au akapaka rangi juu ya kazi ya mwenzake.

Mwaka 1631 Yusuf bin Hassan, sultani aliyelelewa Goa na kubatizwa jina la Dom Jerónimo, aliwageuka Wareno na kuitwaa ngome. Machi 1696 Waomani waliizingira, na haikuanguka mpaka Disemba 1698, karibu miaka mitatu baadaye. Wareno walirudi kwa muda mfupi mwaka 1728, wakafukuzwa mwaka uliofuata. Kisha wakaja akina Mazrui, waliotawala Mombasa hadi 1837, halafu ukaja utawala wa Busaidi wa Zanzibar. Kuanzia 1895 Waingereza waliifanya jela, na ikabaki jela mpaka 1958. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1962.

Sasa simama katikati ya ua, peke yako, juani. Utajuaje ukuta upi ni wa Mreno na upi wa Muomani? Utajuaje kwamba vyombo vilivyo ndani ya makumbusho vilitolewa chini ya bahari, kutoka merikebu ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama karibu na ngome mwaka 1697 ilipokuja kuwaokoa waliozingirwa? Vibao vipo, lakini havijibu maswali. Mwongozaji mzuri hukusimamisha mahali pamoja na kukuonyesha enzi tatu kwenye ukuta mmoja. Kazi hiyo ina thamani, na anayeifanya vyema anastahili ujira wake.

Mitaani: hapa haraka haina baraka

Ukitoka ngomeni na kuingia Barabara ya Mbarak Hinawy au Ndia Kuu, mambo hubadilika. Jina lenyewe la Ndia Kuu ni somo: kwa Kimvita, "njia" ni "ndia". Hii ndiyo iliyokuwa njia kuu ya mji. Watu wa Lamu nao wana Usita wa Mui, barabara kuu ya mji wao, kwa Kiamu chao. Anayekwenda mbio nyuma ya mwongozaji hana nafasi ya kugundua mambo kama hayo.

Mji wa Kale ni wa kutazamwa polepole. Kuna roshani za mbao zinazobeba kazi ya mafundi wenye asili ya Bara Hindi. Kuna milango iliyochongwa, mingine ina maandishi, mingine maua tu. Kuna Msikiti wa Mandhry, ambao kwa kawaida husemwa ulijengwa mwaka 1570, na mnara wake mweupe wa duara unaochongoka kuelekea juu. Kuna Leven House karibu na bandari ya kale, nyumba yenye jina la merikebu ya Kiingereza ya zama ambapo Mazrui walipandisha bendera ya Uingereza, 1824 hadi 1826, ili kujikinga na Oman.

Lakini kuna pia vitu visivyo kwenye orodha ya mtu yeyote: harufu ya udi mlangoni saa za jioni, watoto wanaotoka chuoni na juzuu zao, wazee barazani na kahawa tungu. Mambo haya humjia aliyetulia, na kundi la watu ishirini linapopita kichochoroni hunyamaza yote.

Kila njia na ila zake

Kutembezwa kuna hatari mbili. Ya kwanza ni duka. Mwongozaji asiye mwaminifu hukata historia fupi ili akufikishe upesi kwa muuza vinyago au viungo anayempa kamisheni, na kamisheni hiyo huongezwa kwenye bei yako. Ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni hadithi za kutunga. Wako wanaoonyesha kila shimo na kila chumba chenye giza na kusema "hapa ndipo watumwa walipofungwa." Biashara ya utumwa ilikuwepo katika pwani hii na haifai kufichwa. Ila kuibandika kila mahali kwa sababu inamsisimua mgeni ni kuwadhulumu hata hao waliouzwa, kwa kuwa yaliyowafika yamegeuzwa kuwa mchezo wa kuigiza.

Kutembea peke yako nako kuna hasara. Ramani ya simu hubabaika kwenye vichochoro vyembamba. Utapita mbele ya nyumba yenye historia ya miaka mia mbili ukidhani ni gofu. Na kubwa zaidi, unaweza kuwakosea watu adabu bila kujua, kwa kuwa hukuwa na wa kukutahadharisha.

Ukiamua kuchukua mwongozaji

Fanya haya kabla hamjapiga hatua:

Muombe akuonyeshe kitambulisho cha kazi. Kenya, waongozaji watalii wanatakiwa wawe na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Wengine pia wamefanya mtihani wa chama chao cha kitaaluma, wenye daraja za shaba, fedha na dhahabu.

Kubalianeni bei, muda na njia. "Utanipa chochote tu" ni mwanzo wa ugomvi. Taja shilingi, taja saa, na uulize kama tiketi ya ngome imo au haimo.

Mwambie wazi kama hutaki kupelekwa madukani. Mwaminifu hatachukia.

Muulize swali moja ambalo jibu lake unalijua. Akisema "hilo sina hakika nalo," mchukue. Mtu anayekiri mpaka wa elimu yake hawezi kukuuzia ngano.

Ukiamua kwenda peke yako

Enda asubuhi, au baada ya Alasiri jua likipungua. Ngome hufunguliwa saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni.

Kumbuka kwamba hapa watu wanaishi. Mavazi yafunike mabega na magoti, mwanamume na mwanamke. Usimpige mtu picha bila kumuomba, hasa kina mama waliovaa mabuibui na watoto. Mlango ulio wazi si mwaliko. Bandarini uliza kwanza kabla ya kutoa kamera.

Msikitini usiingie bila ruhusa. Omba, vua viatu, na epuka nyakati za Swala, hasa adhuhuri ya Ijumaa. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa njiani mchana.

Salimia. "Assalamu aleikum" au "Hamjambo" hufungua milango ambayo pesa haifungui. Ukipotea, muulize mwenye duka. Na ukipata njaa, nunua viazi karai, bajia au mahamri kwa mama wa mtaani. Pesa hiyo hubaki mtaani.

Ushauri wangu

Mwenye siku moja achukue mwongozaji wa saa mbili: saa moja ngomeni, saa moja mitaani, kisha aagane naye na arudi peke yake kwenye sehemu zilizomvutia. Mwenye siku mbili afanye hivyo hivyo siku ya kwanza, na ya pili aitoe kwa miguu yake. Utaratibu huu unafaa hata Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako mgeni hukutana na wale wanaoitwa papasi kabla hajafika hotelini.

Lakini swali la mgeni linatuachia na sisi wenyeji deni. Wazee wanaoijua mitaa hii kwa jina la kila nyumba wanapungua mwaka hadi mwaka. Vijana wanaotafuta riziki mlangoni mwa ngome hawana pa kujifunza ila kwa kusikiliza wenzao, na kosa la mmoja huwa kosa la kumi. Kuwafukuza hakutasaidia mtu, maana nao wana nyumba za kulisha. Kinachohitajika ni kuwakalisha pamoja na wazee hao, misikitini, barazani na makumbushoni, wakafunzwa na kupewa leseni kwa ada wanayoiweza. Kaunti inaweza, Makumbusho ya Taifa inaweza, na sisi wenye wajomba na shangazi wanaokumbuka tunaweza kuanza hata leo, kwa kuwauliza na kuandika.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hatapona kwa pesa za mgeni peke yake ikiwa hadithi ya mji wake inauzwa ikiwa imeharibika. Na wewe uliyezaliwa kisiwani hapa, Jumapili hii wachukue watoto wako uwapeleke Ndia Kuu. Huhitaji kusubiri mgeni.