Gedi: Magofu, Msitu na Majirani Zake

Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwaka 1498, na baada yake Wareno wakaendelea kuitegemea bandari hiyo hadi walipohamishia makao yao Mombasa mwaka 1593. Waliandika sana kuhusu pwani hii ya Kenya, vita vyake na watawala wake. Gedi hawakuitaja. Nao mji huo ulikuwa hai wakati huohuo, kilomita 15 hivi kusini ya Malindi, ukiwa na ukuta wa mawe, kasri, misikiti na kaburi la nguzo. Wataalamu wametoa sababu nyingi za kimya hicho. Kwangu, inayoingia akilini zaidi ni ile nyepesi kuliko zote: Gedi haiko ufukweni. Iko bara kidogo, kilomita chache kutoka Watamu, na mgeni wa merikebu hakuwa na haja ya kupita huko.

Anayezuru leo hukuta nyumba za mawe ya matumbawe zilizobanana pembeni mwa vichochoro. Nyingi zilipewa majina ya vitu vilivyofukuliwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Sarafu za Kichina, Nyumba ya Sanduku la Pembe. Vyombo vya kauri vya China vilifika hapa, na shanga kutoka mbali. Nyumba zilikuwa na vyoo vya ndani, jambo ambalo waongozaji hupenda kuwaonyesha wageni wa Ulaya kwa tabasamu, nami siwalaumu. Karibu na Msikiti Mkuu kuna kaburi lenye tarehe ya 802 Hijria, yaani mwaka 1399 Miladia. Juu ya mlango mmoja wa msikiti huo pamechongwa mkuki wenye bapa pana, alama ambayo mtu wa pwani na mtu wa bara kila mmoja angeweza kuidai kuwa yake.

Mapema katika karne ya 17 mji ukahamwa. Wapiganaji wa Kizimba walipita pwani hii mwaka 1589, Waoromo walikuwa wakisukuma kutoka kaskazini, na sheikh wa Malindi naye alihamia Mombasa pamoja na Wareno. Yote hayo yalichangia. Lakini tazama kisima kilicho nje ya Msikiti Mkuu, ambacho wachimbaji walikuta kiliongezwa kina. Vita huweza kumfukuza mtu akarudi mwaka unaofuata; maji yakididimia, hana la kurudia.

Baada ya hapo msitu ukapanda juu ya kuta. Mibuyu ikaota ndani ya vyumba, mizizi ya miti ikakumbatia milango. Wagiriama waliokuja kuishi karibu walipaogopa: palisemwa pana mizimu inayomwandama anayechukua kitu. Hofu hiyo ililinda mawe kuliko askari yeyote. Kwingineko pwani magofu yamegeuzwa chokaa na misingi ya nyumba mpya. Hapa kuta zilibaki zimesimama. John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, alifika mwaka 1884, kisha pakasahauliwa tena kwa miongo kadhaa. Serikali ya kikoloni ilipatangaza kuwa eneo la kihistoria mwaka 1927, na kuanzia mwaka 1948 James Kirkman akachimba kwa takriban miaka kumi. Hata yeye, mtu wa vipimo na daftari, aliandika kwamba hapo alijihisi anatazamwa. Tangu mwaka 1969 Gedi iko chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya.

Hadithi ya magofu kwa kawaida huishia hapo, na ndipo kosa linapoanza. Kilomita chache tu kutoka kwenye lango la Gedi unaanza msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, kipande kikubwa kuliko vyote kilichosalia cha msitu mkavu wa pwani ya Afrika Mashariki. Humo yumo bundi mdogo wa Sokoke, na sange mwenye matako ya rangi ya dhahabu ambaye huonekana pia akikimbia katikati ya magofu. Wapenda ndege huvuka bahari kuja kuwaona. Kwa mkulima wa ukingoni, hata hivyo, msitu huo ulimaanisha ndovu shambani, nyani kwenye mahindi, na askari wa msitu kila mkulima huyo alipookota kuni. Ardhi nje ilikuwa haba, na wengi walikuwa maskwota wasio na hati. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 sauti za kutaka msitu ukatwe vipande na kugawiwa watu zilikuwa na nguvu, na hazikuwa sauti za wajinga.

Jibu lililopatikana lilikuwa la ajabu kidogo. Mwaka 1993 ukaanzishwa mradi wa Kipepeo, na makao yake yakawekwa ndani ya uwanja wa magofu ya Gedi. Mkulima hunasa kipepeo jike msituni na kumweka ndani ya kizimba cha wavu pamoja na mti anaoupenda, kwa sababu kila aina ina majani yake; viwavi wengine hawali ila jamii ya michungwa. Mayai hutagwa, viwavi hulishwa, hadi wajigeuze pupa. Pupa hupelekwa Gedi, hukaguliwa, hulipiwa, hufungwa na kusafirishwa kwa ndege hadi nyumba za maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani. Biashara hii haina subira: pupa akichelewa njiani, mteja hufungua kasha akakuta mbawa zilizokunjamana.

Uzuri wa mpango huu uko kwenye hesabu yake. Mbegu ya vipepeo hutoka msituni, na mkulima lazima arudi huko kila mara kuitafuta upya. Msitu ukifyekwa, mapato yake yanafyekwa pia. Hakuna aliyehitaji kumhubiria kuhusu bayoanuwai. Wanawake wengi waliingia katika kazi hii, maana kizimba hukaa nyuma ya nyumba na hakimwondoi mtu kwenye shughuli zake. Fedha si za utajiri. Ni za karo, unga na bati, lakini huja mkononi mwa mtu anayepakana na msitu, na hilo ndilo utalii wa hotelini haukuwahi kufanya vizuri.

Upande wa baharini, kwenye hori la Mida, wazo hilohilo lilichukua sura nyingine. Shirika la A Rocha Kenya lilianzisha mwaka 2001 mpango uitwao ASSETS. Mgeni hulipia kutembea juu ya daraja la mbao katikati ya mikoko hadi kibanda cha kutazama ndege, na ada hiyo hugeuzwa karo ya sekondari kwa watoto wa familia zinazopakana na msitu na hori. Kikundi cha wenyeji wa Dabaso nacho kikajenga daraja na mkahawa wake, mteja akila kaa huku akitazama mikoko ambayo kikundi hicho hicho kinaitunza.

Nisipambe mambo. Utalii wa pwani huanguka kwa kishindo. Ghasia za Likoni mwaka 1997, za uchaguzi wa 2007, kisha maonyo ya safari ya mwaka 2014: kila mara hoteli za Malindi na Watamu zilifungwa na wafanyakazi wakarudi nyumbani. Mwaka 2020 ndege zilipokoma kuruka, pupa hawakuwa na pa kwenda. Hata katika misimu mizuri, mgeni wa hoteli iliyolipiwa kila kitu huletwa Gedi kwa basi, hukaa saa moja, huwalisha kima ndizi (tabia mbaya inayowafanya wanyama hao kuwa waporaji wa mikoba), kisha hurudishwa kwenye chakula cha jioni alichokwisha lipia. Kijiji jirani cha Gede hupata vumbi la basi hilo.

Julai 2024, katika mkutano wa New Delhi, Gedi iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ya nane kwa Kenya, baada ya Lamu, makaya ya Wamijikenda na Fort Jesus miongoni mwa nyingine. Ni heshima ya haki, iliyochelewa. Hatari yake ni kwamba jina kubwa huvuta mabasi mengi zaidi yenye saa moja ileile, na mipango ya barabara na maegesho inayosahau vizimba vya wavu nyuma ya nyumba.

Kwa hiyo msomaji, ukienda Gedi, usiende kwa basi la hoteli. Shukia Gede kwa matatu, mlipe mwongozaji wa hapohapo, ingia kwenye banda la vipepeo, na alfajiri inayofuata uingie Arabuko-Sokoke na mtu anayewajua bundi walipolala. Mchana upite Mida ulipe ada ya daraja. Ndizi kula mwenyewe.