Uislamu Haukuishia Mombasa

Bila shaka umeshaambiwa, shuleni au sokoni Chwele, kwamba Uislamu ni dini ya watu wa pwani. Watalii nao wakitaka kuona athari za Waislamu hupelekwa Lamu, mji ulioingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001. Je, sisi wa bara hatuna cha kuonyesha?

Hebu panda matatu uende Mumias. Wafanyabiashara Waswahili walifika kwa Wawanga karne ya 19 wakitafuta pembe za ndovu. Mzungu Joseph Thomson alipofika mwaka 1883, misafara ya pwani ilikuwa imeshamtangulia. Nabongo Mumia, aliyeanza kutawala mwaka 1882, aliwakaribisha wageni hao, na baadaye akasilimu. Alifariki mwaka 1949. Leo Kituo cha Utamaduni cha Nabongo, kule Matungu, kinahifadhi historia ya ufalme huo.

Lakini ndugu yangu, historia si tamu yote. Misafara ile ilikuja na Qur'ani, ikaja pia na bunduki na biashara ya watumwa. Mwaka 1895 Waingereza walipowapiga Babukusu pale Lumboka na Chetambe, Wawanga walikuwa upande wa Waingereza, na kati ya askari walikuwamo Wasudani, wengi wao Waislamu. Wengi wetu hapa Kabuchai ni vitukuu vya wale waliopigwa. Basi tufiche? Hasha! Surat An-Nisaa inatufundisha kushuhudia haki hata ikiwa dhidi ya nafsi zetu. Mgeni akipanda Chetambe apewe habari yote, na sisi tuwe wa kwanza kumweleza.

Wala usiogope kwamba utalii utaharibu ibada. Katika Msikiti wa Taifa wa Uganda, Old Kampala, uliofunguliwa rasmi mwaka 2008, wageni hulipa kiingilio, huvaa nguo za stara, kisha hupanda mnara wautazame mji. Swala zinaendelea kama kawaida. Kinachotakiwa ni mpango na adabu.

Kwa hiyo Ramadhani hii, baada ya tarawehe, keti na mzee wa msikiti wenu. Muulize: nani alitoa kiwanja? Nani alikuwa mwalimu wa kwanza wa madrasa? Mwaka gani? Andika. Mzee akiondoka kabla hujamuuliza, utamwonyesha mgeni ukuta tu.

Ramadhan Karim. Wabillahi tawfiq.